Kiti Kikiingia Garini, Mzee Naye Hutoka

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa maandalizi ya Siku ya Uhuru, Dubai Airport Freezone)

  

Tunawashukuru wenzetu wanaofanya kazi hapa Freezone kwa kutupatia chumba hiki. Wengi wetu leo tumekuja na metro ya laini ya kijani, tukateremka kituo cha hapa hapa, tukapanda lifti. Wazee wetu wawili wamekuja kwa viti mwendo, na kutoka kwenye treni hadi kwenye meza hii hawakulazimika kupanda ngazi hata moja. Tumelitaja hilo makusudi. Kamati ilituomba sisi wauguzi tuseme neno moja la afya linalofaa siku kama hii. Wengine walidhani tutazungumzia sukari au presha. Hayo yana siku yake. Leo tunataka kuzungumzia kiti mwendo na buti la gari.

Msicheke kwanza. Tuanze na aibu yetu wenyewe.

Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja, wenyeji wa Tabata, Dar es Salaam. Wawili wako nyumbani, wawili tuko hapa Dubai. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alipotoka hospitali ikaonekana hawezi kwenda mbali bila kiti mwendo. Sisi tulio huku tukasema hiyo kazi ni yetu. Uuguzi tuliusomea India mpaka shahada, na wodini tumekaa miaka zaidi ya kumi na tano. Nani atajua kuchagua kiti kuliko sisi?

Tukanunua kiti kikubwa cha chuma, chenye mgongo mrefu na mikono minene, sehemu za kuwekea miguu zimeungwa moja kwa moja na fremu. Kilikuwa kinang'aa. Tukakipiga picha, tukakifunga, tukakitia kwenye kontena pamoja na mizigo ya wenzetu. Kilipofika, ndugu zetu wakatuma picha ya Mama amekikalia, amevaa kitenge kipya. Tulilia kwa furaha.

Miezi minane baadaye mmoja wetu akaenda likizo. Akamkuta Mama ukumbini, kwenye kiti kile kile, dirisha lile lile. Kaka yetu ana Toyota Passo, na gari hilo amelibadilisha litumie gesi, kama wanavyofanya wengi Dar es Salaam siku hizi. Mtungi wa gesi umekaa kwenye buti. Kiti hakiingii nyuma, na kwenye siti ya abiria hakipiti mlangoni. Mwanzoni walikodi Noah kila siku ya kliniki. Kisha wakakodi mwezi mmoja, wakaruka mmoja. Mwishowe mjukuu akawa anakwenda peke yake kuchukua dawa, na mazoezi ya viungo yakakoma. Mama alikuwa ameanza kidonda cha mgandamizo. Dada yake alizikwa Kibaha, naye hakwenda.

Tulipouliza kwa nini hatukuambiwa, Kaka alijibu, "Mmetuma zawadi kubwa namna ile. Tungewaambiaje kwamba haiingii kwenye gari?" Na Mama akasema, "Msijisumbue, wanangu. Nimeshazoea."

Sisi wauguzi tunalijua neno hilo. Mgonjwa akisema amezoea, mara nyingi maana yake ameacha kuomba.

Tukajiuliza tulipima nini kabla ya kununua. Hatukupima nyonga za Mama, wala mlango wa choo, wala buti la gari. Tulinunua kwa macho. Na tunaamini hatuko peke yetu humu ndani.

Watoto wetu mliozaliwa huku, sikilizeni kidogo historia hii. Kiti mwendo cha kukunja tunachokiona kila mahali, chenye vyuma viwili vinavyopishana kama mkasi chini ya kalio, kilitokana na haja hii hii ya gari. Mmarekani mmoja, Herbert Everest, mhandisi wa migodi, alivunjika uti wa mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Viti vingi vya wakati ule vilikuwa vizito na havikunjiki, naye alitaka kiti anachoweza kwenda nacho garini. Alikuwa na rafiki mhandisi wa mitambo, Harry Jennings. Katika miaka ya 1930 wakaunda kiti kinachojikunja kwa fremu ya mkasi, na mwaka 1937 wakapata hataza yake. Kwa hiyo swali la gari halikuja baadaye kama nyongeza. Lilikuwepo tangu kiti hicho kilipobuniwa, na aliyeliuliza ni mtu aliyekuwa amekikalia mwenyewe.

Na kwetu Afrika Mashariki kazi hii si ngeni. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na mafundi wa viti mwendo pia wamefundishwa pale. Mombasa kuna karakana za Bombolulu, chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, APDK, zilizoanza mwaka 1969, na chama hicho kimeunda viti mwendo kwa miaka mingi. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo cha MIT, Amos Winter, alikwenda Tanzania kuangalia watu wanatumia viti vya namna gani. Aliyoyaona sisi tunayajua: kiti cha hospitali kinafaa sakafuni lakini kinakwama kwenye mchanga na kokoto, baiskeli ya magurudumu matatu inakwenda barabarani lakini haiingii chumbani. Kutokana na hayo akabuni na wenzake kiti cha kuendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, kwa vipuri vya baiskeli, ili fundi wa kijijini aweze kukitengeneza.

Hapo ndipo ugumu wa ubunifu huu ulipo. Gari linataka kiti kidogo. Barabara ya mtaani inataka kiti kirefu chenye magurudumu makubwa. Mwili wa mgonjwa unataka kiti imara, cha upana wake, chenye mto mzuri. Ukiridhisha kimoja tu, umewakosea wawili. Kuna viti vidogo vyenye magurudumu manne madogo, vyepesi, vinavyoingia gari lolote. Lakini mwenyewe hawezi kujisukuma, lazima asukumwe, na kwenye mchanga wa Mbagala vinazama. Kumpa mtu mwenye mikono yenye nguvu kiti cha namna hiyo ni kumnyang'anya mikono yake. Kwa upande mwingine, mhandisi Ralf Hotchkiss, ambaye mwenyewe anatumia kiti mwendo, na wenzake wa shirika la Whirlwind walionyesha kwamba mambo haya yanaweza kukutana. Kiti chao kiitwacho RoughRider kina magurudumu mapana ya mbele na umbali mrefu wa kutosha kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kupita njia mbaya, na bado kinakunjika.

Basi mtu akienda dukani atazame nini? Tutataja mambo matano tu.

Kwanza, magurudumu makubwa ya nyuma yachomoke. Gurudumu la kawaida lina kipenyo cha inchi 24, yaani kama sentimita 61. Hilo ndilo linalogoma kwenye buti. Viti vingine vina kitufe katikati ya gurudumu: unabonyeza, unavuta, linatoka bila spana. Gurudumu likitoka, fremu inabaki fupi na nyepesi.

Pili, sehemu za miguu zizunguke pembeni na kutoka. Zikiwa zimeungwa na fremu kama zile za kiti cha Mama, zinaongeza urefu, na vilevile zinamzuia mtu kusogea karibu na siti ya gari anapohama.

Tatu, mgongo ulale au ukunjike katikati. Buti nyingi zina nafasi ya upana na kina, zinakosa kimo.

Nne, uzito. Kiti cha chuma cha kawaida huwa kama kilo 17 hadi 20. Cha aluminiamu mara nyingi huwa kama kilo 12 au 13. Lakini msiulize uzito wa kiti peke yake. Ulizeni uzito wa kipande kizito zaidi kinachobaki baada ya kutoa magurudumu na sehemu za miguu, maana hicho ndicho kitakachonyanyuliwa kila siku. Na nani anakinyanyua? Kwa kawaida ni mke wa miaka sitini au binti anayenyoosha mikono juu ya ukingo wa buti huku amegeuza kiuno. Tumewahudumia wagonjwa, kisha tukawahudumia waliowauguza kwa maumivu ya mgongo.

Tano, vipande vichache. Kila kinachotoka kinaweza kupotea. Kiti kikiachana katika vipande saba, siku moja kimoja kitabaki kwenye teksi. Ni afadhali kinachokunjika kikiwa kimeshikana kuliko kinachotawanyika.

Sasa gari lenyewe. Chukueni futikamba, pimeni mdomo wa buti kabla ya tumbo lake. Gari la saluni linaweza kuwa na tumbo kubwa na mdomo mdogo. Gari dogo la mlango wa nyuma, kama IST au Vitz, tumbo ni dogo lakini mdomo ni mpana, na siti ya nyuma ikilazwa nafasi inaongezeka. Pimeni upana wa mdomo, kimo chake, kina cha ndani, na urefu wa ukingo kutoka chini. Kama kuna mtungi wa gesi, pimeni kilichobaki. Kisha ulizeni dukani kipimo cha kiti kikiwa kimekunjwa. Kiti kinachokunjika kwa mkasi, kikifungwa, huwa na upana wa kama sentimita 30; mara nyingi si upana unaoleta shida, ni urefu na kimo.

Mwili nao usisahaulike. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti mwendo, likataja hatua nane, na kumpima mtu kunakuja kabla ya kumchagulia kiti. Kiti kipana kupita kiasi humfanya mtu aegemee upande mmoja. Kisicho na mto unaofaa huleta kidonda. Msikubali kiti kiingie garini halafu kimtoboe mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wauguzi hatukulijua mpaka tulipofundishwa na ndugu zetu wa mizigo wanaofanya kazi hapa Freezone. Ndege hailipishi kilo peke yake, inalipisha na nafasi. Wanapima boksi kwa sentimita, wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawa kwa 6,000, na jibu linalinganishwa na uzito wa mizani. Kinachozidi ndicho kinacholipiwa. Boksi la kiti lenye sentimita 90 kwa 90 kwa 30 linahesabiwa kilo 40 na nusu, hata kama kiti chenyewe ni kilo 18. Kiti chenye magurudumu ya kutoka, kikiingia boksi la sentimita 80 kwa 60 kwa 30, kinahesabiwa kilo 24. Watoto, pigeni hesabu hiyo wenyewe. Kiti kinachoingia garini ni kile kile kinachosafiri kwa bei nafuu.

Na mzee akija huku kututembelea, pale uwanja wa ndege hatuna wasiwasi. Mkimwombea msaada mapema wakati wa kukata tiketi, atasukumwa kutoka mlango wa ndege hadi nje. Safari hukwama kwenye maegesho, kiti cha uwanja kinaporudi ndani na sisi tumesimama na saluni yetu.

Hapo tuna maonyo manne ya kitaalamu. Mzee akae kwenye siti ya gari na afunge mkanda. Asisafiri akiwa amekaa kwenye kiti mwendo, isipokuwa kiti hicho kimejaribiwa kwa kazi hiyo na gari lina mikanda minne ya kukifunga sakafuni pamoja na mkanda wa mtu mwenyewe. Kiti kilichokunjwa nacho kifungwe au kibanwe. Gari likigonga, kilo 15 zilizo huru nyuma ya siti huruka kama jiwe. Mkirudisha gurudumu lenye kitufe, livuteni kwanza kwa nguvu kuhakikisha limeshika, ndipo mtu akae. La nne ni la Dubai hasa: msiache kiti wala mto wake kwenye gari lililoegeshwa juani wakati wa kiangazi. Chuma hicho huunguza. Mtu mwenye ganzi ya miguu, kwa kuvunjika uti wa mgongo au kwa kisukari cha muda mrefu, ataungua asisikie, na sisi tutakiona kidonda baada ya siku mbili.

Ndugu zetu, nyumbani tuna sheria. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 20 ya mkataba ule inazungumzia mtu kwenda atakako kwa uhuru mkubwa iwezekanavyo, na inataka wanaotengeneza vifaa wahimizwe kufikiria mahitaji yote ya mwendo. Hapa Emirati, tangu mwaka 2017, watu wenye ulemavu wanaitwa watu wenye azma. Ni jina zuri. Lakini azma ya Mama haikupungua hata siku moja. Kilichopungua ni nafasi kwenye buti la Passo.

Kila tarehe 9 Desemba tunapandisha bendera, tunapika pilau, tunawaeleza watoto habari za mwaka 1961. Ni vizuri. Tukumbuke tu kwamba uhuru wa nchi mtu huuonja kwa mambo madogo: kutoka, kwenda, kurudi kwake. Bibi asiyeweza kwenda kuzika dada yake, sherehe zetu za huku zinamfikia vipi?

Kwa hiyo tunaomba umoja wetu uamue mambo mawili leo. La kwanza, mtu yeyote atakayetuma kiti mwendo kwa mchango wetu, kwanza alete karatasi moja yenye vipimo vitatu: vya mtu mwenyewe, vya milango ya nyumba yake, na vya gari au bajaji atakayopandia. Sisi wauguzi tutaisoma karatasi hiyo bila malipo. La pili, tununue pale pale nyumbani inapowezekana, ili mafundi wetu wapate kazi na kiti kikivunjika kipate wa kukitengeneza. Huku tutume kile tu ambacho hakipatikani kule.

Watoto, nanyi mna kazi. Leo jioni pimeni buti la gari la baba au la mama, mwandike kwenye daftari. Likizo ijayo mkienda kwa bibi, pimeni na gari la mjomba. Na kama babu ana kiti chenye vipande vya kutoka, vitieni utepe wa rangi za bendera yetu: kijani kwa vya kulia, bluu kwa vya kushoto. Havitapotea, na hata mgeni atajua kinaingia wapi.

Mtauliza, Mama je? Kile kiti kikubwa tulimwachia jirani ambaye hatoki nje kabisa na anahitaji mgongo mrefu, kwake kinafaa. Mama tulimpima nyonga, tukapima mlango, tukapima siti ya nyuma ya Passo, kwa kuwa buti limeshachukuliwa na gesi. Tukapata kiti cha aluminiamu, magurudumu yanachomoka, mgongo unalala. Fremu inakaa nyuma ya dereva, magurudumu yanasimama chini mbele ya siti. Kaka anakipakia chini ya dakika mbili. Kidonda kilipona, taratibu.

Tulimuuliza siku ya kwanza anataka kwenda wapi. Tulidhani atasema kliniki, au kaburini kwa dada yake. Huko alikwenda baadaye. Siku ile alisema apelekwe kwenye kikoba chake. Miezi yote ile alikuwa anatuma pesa zake kwa mjukuu, jina lake linasomwa, mwenyewe hayupo. Alifika, akapeana mikono na wenzake mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto, akatoa hisa zake mwenyewe. Kisha akaanza kudai faini za waliochelewa.